Mabanzi ya mninga na huduma ya kuranda Ng'ambo, Tabora: stuli ya mama imesimama

Mama yangu hunywa chai mara tano kwa siku, na tangu goti la kulia lianze kumsumbua hawezi kuinama kuokota kikombe sakafuni. Nilimnunulia stuli ya kuweka kando ya kochi, Sh 45,000, vanishi inang'aa utadhani kioo. Miezi minne haikuisha, mguu mmoja ukachomoka na skrubu zake. Ndani hamkuwa na mbao, ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, na tundu la skrubu likishachimbika kwenye kitu kile halishiki tena. Niliirudisha nikaambiwa fanicha haina garantii. Roho iliniuma, maana mkoa wetu ndio wenye mninga.

Nikaamua kutengeneza mwenyewe, nyumbani kwangu Ipuli. Mimi ni mwalimu, sina karakana. Nina msumeno wa mkono, patasi moja, nyundo, na keekee ya kuazima kwa jirani anayetengeneza milango. Kuranda ubao mgumu wa mninga kwa mkono ningeshindwa, kwa hiyo nilikwenda Ng'ambo kwenye karakana moja yenye mashine ya kuranda, ambao pia huuza mabanzi. Maoni haya yanawahusu wao hasa.

Banzi ni kile kipande cha ubavuni kinachobaki gogo likipasuliwa mbao: upande mmoja bapa, mwingine una mgongo na gome. Wengi huyachukua ya kuni au ya kuzungushia banda la kuku. Mimi nililitaka kwa sababu ya ule ukingo wake usionyooka, unaofuata mti ulivyoota. Ukingo ule hakuna fundi anayeweza kuuchonga ukapendeza kama ulivyo.

"Shikamoo mzee," nilimsalimu muuzaji. "Marahaba mwanangu, unataka ya kuni au ya kazi?" Nikamwambia ya kazi. Mzee akaanza kuyageuza moja moja akinionyesha vichwa vyake, yaani ncha zilizokatwa. "Hii nyeupe ya nje ni chakula cha dumuzi. Tafuta lenye kahawia nyingi." Ni kweli: moyo wa mninga ni wa kahawia wenye michirizi myekundu na wadudu hawaupendi, lakini tabaka la nje lililopauka huliwa upesi. Mabanzi mengi ni tabaka hilo tupu. Tulipekua rundo karibu nusu saa, na hakunikunjia uso hata mara moja. Tukapata moja nene, urefu sentimita 60, upana 28, weupe ukiwa pembeni tu. Akalibandua gome lote palepale, akisema wadudu hujificha chini yake. Sh 7,000. Vipande vitatu vya miguu, inchi 2 kwa 2, moyo mtupu, Sh 4,000. Risiti nilipewa bila kuomba, na magogo yaliyokuwa uani yalikuwa na alama ya nyundo ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ya kuonyesha yamevunwa kihalali. Nawapongeza kwa hilo, maana mninga wa njia za panya ni mwingi na misitu yetu inaumia.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike. Nilikuwa na hela ya kuranda mkononi, mzee akaikataa. Ilikuwa Aprili, mvua bado zinanyesha, na banzi lilikuwa bichi. "Nikiliranda leo litakupindia sebuleni. Nenda nalo, ulilete mwezi wa saba." Akanielekeza nipake nta kwenye vichwa vyote viwili ili maji yasitoke haraka kupitia huko likapasuka, nililaze kivulini juu ya vijiti hewa ipite chini. Nililipima kwenye mizani ya duka la jirani: kilo 7 na robo. Kila Jumapili nikalipima. Lilipofika kilo 5 na nusu na kukaa hapohapo wiki mbili, nikajua limekauka.

Julai waliliranda kwa Sh 3,000, likabaki na unene wa sentimita 4, chini nikaacha mgongo wake. Kasoro zao ni mbili. Mashine ilikula kama milimita moja zaidi mwishoni mwa ubao, ikabidi nikate sentimita 5. Kwa hiyo peleka banzi refu kuliko unavyotaka. Halafu vumbi. Vumbi la mninga linawasha pua na kubana kifua, na pale hakuna barakoa hata kwa vijana wao wanaoshinda mashineni. Hili la vijana lilinisikitisha, nikamwambia mzee waziwazi. Ukienda, beba yako. Ujue pia kwamba mashine haipokei ubao unaozidi inchi 12 kwa upana, na Jumamosi foleni ni ndefu.

Nyumbani kazi ilinichukua siku tatu za likizo. Niliweka miguu mitatu badala ya minne, kwa kuwa sakafu yetu ya saruji ina mabonde, na kitu cha miguu mitatu hakichezi popote ukiweka. Nilitoboa matundu ya inchi 1 yaliyolala kidogo kufuata kiolezo nilichokata kwenye boksi, nikachonga ncha za miguu kuwa mviringo, nikazipasua katikati kwa msumeno, nikapaka gundi, nikapenyeza, kisha nikagongelea kabari juu, kwenye ule mpasuko. Hapa kuwa makini: kabari ikae kukingama na nyuzi za ubao. Ukiilaza kufuata nyuzi, ubao wenyewe unapasuka. Skrubu hata moja haimo.

Vanishi sikutaka tena. Tabora na nta ya nyuki, ya nini kwenda mbali? Nilinunua robo kilo sokoni, Sh 4,000, nikayeyusha sehemu moja ya nta na tatu za mafuta ya alizeti, sufuria ndani ya sufuria ya maji, maana nta ikiguswa na moto moja kwa moja inawaka. Nilipiga msasa namba 80, kisha 120, kisha 240, nikapaka kwa kitambaa na kufuta yote yaliyozidi. Ubao uliokuwa umefifia kwa vumbi ukatoka rangi ya asali ya msituni, michirizi myekundu ikaonekana mpaka mama akaja kuipapasa. Ubaya wa nta ni kikombe cha moto: kinaacha alama ya duara. Inatoka ukipaka tena, lakini mama amefuma kitambaa cha kuweka juu.

Msasa shiti tatu ni Sh 3,000, gundi 3,500. Mafuta yalikuwa ya jikoni. Jumla Sh 24,500, karibu nusu ya ile iliyovunjika.

Karakana naipa nyota nne kati ya tano, ya tano ni ya barakoa. Nendeni siku ya kazi asubuhi, mzee ana muda wa kuchagua pamoja nanyi. Mama mdogo wa Sikonge naye ameomba ya kwake. Banzi lake limelala stoo juu ya vijiti. Jumapili iliyopita lilikuwa kilo 6 na nusu.