Uzoefu wangu: miaka mitatu ya warfarini mikononi mwa mfamasia wa Tabora

Kwa mtu aliyewekewa mlango wa moyo wa bandia, warfarini, dawa inayozuia damu isigande ovyo, ni dawa ya maisha. Nilifanyiwa upasuaji huo Dar es Salaam, kwa sababu ya ugonjwa ulioanzia kwenye mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa ipasavyo, nikarudi Tabora na karatasi iliyoagiza kwamba kipimo changu cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani, kikae kati ya 2.5 na 3.5. Kikishuka chini ya hapo, damu inaweza kuganda kwenye mlango na bonge lake likasafiri hadi kwenye ubongo. Kikipanda mno, damu huvuja. Huduma ninayoieleza ni ya mfamasia wa famasi moja iliyo karibu na soko.

Mwaka wa kwanza sikuwa nikimfahamu, nami nilinunua dawa popote nilipopata nafuu ya bei. Siku moja tumbo lilinisumbua, nikaingia duka la dawa na kuuziwa metronidazoli, ile ambayo wengi tunaiita Flagyl, bila kuulizwa kama natumia dawa nyingine, na mimi sikujua kwamba nilipaswa kusema. Baada ya siku tano fizi zilitoka damu nilipopiga mswaki, na mkononi nikaona alama za damu kuvilia ambazo sikukumbuka zilitokana na nini. INR ilikuwa 6.1. Daktari alinisimamisha dawa kwa siku chache, akanieleza kwamba metronidazoli huzuia ini lisiivunje warfarini, hivyo dozi ileile hufanya kazi kama dozi kubwa. Bado naumia nikikumbuka kwamba swali moja tu kaunta lingetosha.

Nilipofika kwa mfamasia huyu, aliniuliza swali hilo kabla hajagusa kopo la dawa. Alifungua daftari, akaandika INR ya mwisho, jumla ya miligramu kwa wiki, dawa nyingine pamoja na za mitishamba, na kama natarajia kupata mtoto, kwa kuwa warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi ya mwanzo. Hilo la mwisho huniuliza kwa sauti ya chini, kando ya kaunta, na namshukuru kwa staha hiyo.

Msaada wake mkubwa zaidi ulihusu mboga. Mvua zilipoanza, INR yangu ilishuka hadi 1.9, nami nikaapa kwamba sijaruka hata kidonge kimoja. Akaniuliza, “Mwalimu, matembele umekula mara ngapi wiki hii?” Nilikuwa nikila karibu kila siku, pamoja na majani ya kunde na ya maboga, kama ilivyo kawaida yetu wakati huo wa mwaka, ilhali wakati wa kiangazi tulikuwa tukila zaidi maharage na dagaa. Majani hayo yana vitamini K nyingi, ambayo mwili huitumia kutengeneza vitu vya kugandisha damu, na warfarini hufanya kazi kwa kuipinga njia hiyohiyo. Awali niliambiwa na watu niache kabisa mboga za majani. Yeye alikataa. Alinitaka nile kiasi kinacholingana mwaka mzima, bakuli dogo kwa siku, na nsansa, yaani mboga za majani zilizokaushwa, nazo zihesabiwe humo. Kisha akampigia daktari wangu simu mbele yangu, na daktari akaamua kupandisha dozi kutoka miligramu 35 kwa wiki hadi 37.5, yaani siku moja tu ya wiki nimeze 7.5 badala ya 5, na kipimo kirudiwe baada ya wiki moja. Kilisoma 2.7.

Nilimwuliza pia kuhusu dawa mpya zisizohitaji kupima INR, maana nilichoka kutobolewa mshipa. Alinijibu wazi kwamba hazifai kwa mlango wa bandia kama wangu: jaribio la dabigatran, mojawapo ya dawa hizo mpya, kwa wagonjwa wa namna hii, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, lilisimamishwa mapema kwa sababu mabonge ya damu na uvujaji vilizidi. Jibu lile halikunifurahisha, lakini liliniepusha na kununua dawa ghali yenye hatari kwangu.

Kwa maumivu hunipa parasetamoli ya siku chache, kamwe si diklofenaki wala aspirini bila idhini ya daktari. Nikisahau kidonge cha jioni na kukumbuka kabla ya kulala, nameza. Nikikumbuka kesho yake, naandika kwenye daftari wala sirudufu dozi.

Kasoro ninayoiona ni kwamba huduma hii inamtegemea yeye peke yake. Aliposafiri kwa wiki mbili, msaidizi wake alinipa vidonge vya miligramu 1 badala ya vile vya 5 nilivyozoea, bila kunieleza kwamba ningehitaji vitano kwa dozi moja, na daftari halikufunguliwa. Niligundua nikiwa nyumbani, kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa kusoma namba iliyo kwenye pakiti. Aliporudi nilimweleza, na sasa kadi yangu imebandikwa ndani ya kabati la dawa, mahali ambapo kila anayehudumia ataiona.