Vyeti vya Hesabu za Kompyuta kwa Anayejisomea: Nilivyovipima kwa Vitabu vya Duka la Buzuruga

Ninatunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi hapa Buzuruga, Mwanza, na kwa miezi minane nimekuwa nikijisomea usiku kwa sababu mwenye duka alitaka daftari lihamie kwenye kompyuta. Vyeti vya kujisomea ni vingi na kila tangazo huahidi ajira. Nilijaribu njia tatu kwa kipimo kimoja: miamala ya mwezi mmoja wa duka, ikiwemo ile ya mafundi wa Ukerewe wanaochukua mabati kwa mkopo na kulipa safari nyingine ya meli.

Nilianza na TallyPrime, programu ya hesabu ya kampuni ya India, kwa kuwa maduka kadhaa ya jumla ninayopeleka ankara mjini huitumia. Toleo lake la kujifunzia halina malipo wala halihitaji intaneti kila unapoingiza muamala, jambo kubwa kwa mtu anayehesabu bando. Kizuizi chake ni cha ajabu kidogo: hukubali miamala ya tarehe 1, 2 na 31 tu. Manunuzi yangu yote ya saruji, kwa hiyo, yalirundikana mwanzoni na mwishoni mwa mwezi, na taarifa ya stoo haikuwa na maana yoyote. Hata hivyo vidole vilizoea, F5 kwa malipo, F6 kwa mapokezi, F7 kwa jarida, F8 kwa mauzo, F9 kwa manunuzi, na uzoefu huo ndio mwajiri anaouona siku ya kwanza.

Njia ya pili ni cheti cha QuickBooks Online, programu ya hesabu inayotumika kwa intaneti, kwa watunza hesabu. Mafunzo na mtihani ni bure, alama ya kufaulu ni asilimia 80, na cheti huhitaji kuhuishwa. Masomo yameandaliwa vizuri. Tatizo ni kwamba kampuni ya mfano ya kufanyia mazoezi ni ya kutengeneza bustani huko California, ambako kodi ya mauzo hutozwa mnunuzi wa mwisho, na muuzaji hana kodi ya manunuzi ya kukatia. VAT yetu ya asilimia 18 huenda kinyume: unachukua kodi uliyotoza kwenye mauzo, unaondoa uliyolipa kwenye manunuzi yenye risiti halali ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti), na ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwezi, hupelekwa TRA, Mamlaka ya Mapato, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Anayekariri mfano wa California atafaulu mtihani, kisha atakwama mbele ya ritani yake ya kwanza.

Njia ya tatu haifundishi programu yoyote mahususi, nayo ndiyo iliyonifaa kuliko zote: ATEC, mitihani ya cheti cha mafundi wa uhasibu ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, yenye ngazi ya I na ya II. Kabla sijaanza kuisomea, niliwahi kuingiza rafu mpya za duka kwenye akaunti ya manunuzi ya bidhaa. Programu haikulalamika, urari, yaani jumla ya debiti na ya krediti, ulilingana mpaka shilingi ya mwisho, na mwenye duka akaniuliza kwa nini faida ya mwezi ule ilikuwa ndogo hivyo. Sikuwa na jibu. Kompyuta hulinganisha debiti na krediti, lakini haijui kwamba rafu si bidhaa ya kuuzwa bali ni mali ya kudumu inayopaswa kukatwa uchakavu. Isitoshe, cheti cha kampuni ya programu huthibitisha kwamba umeijua programu hiyo tu, ilhali bodi ina sheria ya mwaka 1972 nyuma yake.

Ofisi moja ya mafunzo mjini iliniuzia pia wazo la “cheti cha kimataifa” cha wiki tatu. Nilipouliza mtihani unatungwa na nani na namba ya cheti huhakikiwa wapi, nilioneshwa muhuri wao wenyewe. Nilirudi nyumbani na fedha yangu.

Aliyewahi kusoma utunzaji wa hesabu sekondari anaweza kuanza na Tally bila hofu. Asiyejua leja aanze na vitabu vya ATEC I, hata kama mwajiri ana haraka. Mimi sasa mchana ninashinda na Tally, usiku na ATEC I. QuickBooks nitairudia mwenye duka akikubali kunilipia bando.