Sanduku la Matunda Badala ya Krispi: Tathmini ya Miezi Miwili

Kwa miezi miwili tumepokea kila wiki sanduku la matunda kutoka kwa huduma ya kuletewa nyumbani, likachukua nafasi ya krispi za binti yetu wa miaka 15. Ninaipongeza hasa kwa kuleta matunda mazima, wala si juisi, kwa kuwa nyuzinyuzi za tufaha lililoliwa na ganda lake hulisha bakteria wazuri wa utumbo mpana na kulainisha choo, ilhali potasiamu ya ndizi husaidia kudhibiti shinikizo la damu, ambalo chumvi nyingi hulipandisha. Kasoro ipo: peasi za chini hufika zimepondeka, zikilowesha zabibu, nami ningependa zitenganishwe. Hata hivyo, binti sasa hulifungua sanduku mwenyewe.