Kambi ya Kando ya Mto Rufiji: Tathmini ya Mgeni kutoka Dar es Salaam
Kambi hii ipo karibu na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, na kutoka Dar es Salaam inafikika kwa gari kupitia Kibiti, ingawa barabara ya vumbi kuelekea Mloka inachosha kweli. Thamani yake hasa ni safari ya mashua: nahodha alizima injini mbali na viboko, tukawasikia wakipumua, huku ndege aina ya keremkezi wakiingia na kutoka kwenye matundu yao katika kingo za mto. Chakula ni cha kawaida. Kiingilio cha hifadhi hakikujumuishwa kwenye bei, jambo ambalo wahusika walipaswa kutueleza mapema. Nendeni kiangazi, wakati wa masika njia hujaa tope.