Mizani inayopima vizuri na kuhukumu vibaya

Kwa miezi miwili nimekuwa nikitumia mizani ya bafuni ya kioo, ile inayounganishwa na simu, na kwa haki ni lazima nikiri kwamba kazi yake ya msingi inaifanya vyema. Ukiipanda peku mara tatu mfululizo, inakupa kilo zilezile mara zote tatu. Kiwango cha mafuta mwilini, ambacho inakikadiria kwa kupitisha umeme hafifu nyayoni, nilikipuuza nilipoona kinapanda na kushuka kabla na baada ya kuoga ilhali uzito umebaki palepale.

Kinachonikera ni programu yake. Nina kilo 78 na urefu wa sentimita 170; siku ya kwanza kikachoreka kwenye skrini kiumbo cha mtu, kikavimba kiunoni, kikageuka rangi ya chungwa, na chini yake yakatokea maneno: "Bado uko mbali na mwili wako bora." Bora kwa nani?

Programu huchukua kilo na kuzigawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, nami napata 27. Kanuni hiyo ilitoka kwa Adolphe Quetelet, mtakwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa akimsaka "mtu wa wastani" katika takwimu, wala hakuwa daktari. Hata mpaka wa 25, ambapo uzito huanza kuhesabiwa kuwa umezidi na ambao programu inauchukulia kama sheria ya maumbile, umewahi kuhamishwa: nchini Marekani, hadi mwaka 1998, uzito uliozidi ulianzia 27.8 kwa wanaume na 27.3 kwa wanawake, kwa hiyo mwili wangu huuhuu ungepakwa kijani. Kwa watu wa Asia, ambao kisukari huwapata wakiwa na uzito mdogo zaidi, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2004 tahadhari ianzie 23, na huko ningekaribia nyekundu.

Ningeyavumilia hayo kama mambo yangeishia kwenye afya, lakini neno "bora" linavuka kimyakimya hadi kwenye urembo, na urembo una wenyewe. Huko Nadroga, Fiji, ambako mwili uliojaa ulisifiwa, televisheni iliingia mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker hakukuta wakati huo wasichana waliojitapisha ili wapungue, ila aliporudi kupima mwaka 1998 walikuwa zaidi ya mmoja katika kila kumi. Sisemi kwamba kusifu unene ndiyo dawa, kwani Mauritania wapo wasichana walionyweshwa maziwa kwa nguvu ili wanenepe waolewe.

Wiki ya tano niliugua homa nikapoteza kilo mbili. Nilipoipanda mizani huku nimeshika ukuta, simu ilinirushia vimulimuli na kuandika "Hongera!" Lugha iliyo na neno kunawiri ingenipa pole kwanza.

Nimetafuta kwenye mipangilio namna ya kukificha kiumbo kile nikaikosa. Kinachozimika ni arifa tu. Anayetaka kujua kilo zake aichukue bila wasiwasi, asiiunganishe na simu, kwa kuwa namba husomeka kwenye kioo chenyewe. Na mwenye binti wa miaka kumi na mitatu nyumbani, programu hiyo asimpakulie.