Kuwapeleka Watoto Mtaani au Kuwaalika Majirani Darasani

Mwalimu wa watoto wa miaka 3 hadi 6 anayetaka wanafunzi wake waijue jamii inayowazunguka ana njia mbili kuu: kuwatoa nje wakaione, au kuwaalika wanajamii waje darasani.

Ziara ya nje, hata ya mwendo wa dakika 10, humpa mtoto kile ambacho maelezo hayawezi kumpa. Mtoto anayesimama mbele ya fundi viatu husikia nyundo, hunusa gundi, huona soli ikipindwa mkononi, kisha huuliza swali ambalo mwalimu hakulitarajia. Na kesho yake akipita hapo na mzazi wake, humwamkia fundi yule kwa kuwa sasa wanafahamiana. Mjini Reggio Emilia, Italia, ambako manispaa ilifungua shule yake ya kwanza ya awali mwaka 1963, mji wenyewe huhesabiwa kuwa sehemu ya mafunzo. Gharama ya ziara ni uangalizi: watu wazima wa kutosha, idhini ya wazazi na njia iliyokaguliwa mapema.

Mgeni darasani ni rahisi kumwandaa, na humfaa zaidi mtoto mwenye haya au asiyeweza mwendo mrefu. Hata hivyo, mgeni huja bila mahali pake pa kazi, na akihutubia kwa nusu saa watoto huchoka. Heri alete zana zake, wazishike.

Mimi ningeanza na mgeni, kisha wiki ileile niwapeleke watoto kwake, maana uso wanaoujua huwaondolea woga wa mahali wasipopajua.