Nunua chambo bandia kwa kuangalia kilicho chini ya maji: mwongozo kwa wavuvi wa mshipi Tanga

Ukiingia duka la zana za uvuvi na hela mkononi, jicho hukimbilia rangi. Kuna cha kijani kinachong'aa, kuna cha pinki, kuna chenye macho makubwa kuliko ya dagaa mwenyewe. Rangi nitaigusa huko mbele kwa maneno machache. Cha kujiuliza kwanza ni hiki: ndoana yangu itapita wapi? Chewa hakai peupe, anakaa chini ya jiwe. Changu anachungulia kwenye majani ya bahari. Kolekole anazunguka ukingo wa mwamba maji yakijaa. Palepale samaki anapojificha ndipo ndoana inaponasa, na chambo kilichonasa ni pesa iliyobaki baharini. Ndiyo maana nimevipanga vyambo hivi kwa maficho, kuanzia cha kununua kwanza hadi cha kununua pesa ikizidi.

Vingi kati yake vilibuniwa Marekani kwa ajili ya besi, samaki wa maziwa yenye magugu na miti iliyozama. Majina ya ufungaji wa Texas na ufungaji wa Carolina yametoka huko. Jirani zetu wa Kenya wana besi huyo katika Ziwa Naivasha, alikopandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Sisi wa pwani hatuna besi, ila tuna mikoko, na mzizi wa mkoko unamsumbua mvuvi vilevile kama mti uliozama ziwani.

Cha kwanza: chambo laini cha mpira kwa ufungaji wa Texas

Kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua hiki. Unahitaji vitu vitatu: pakiti ya vyambo laini vya sentimita 10 hadi 12, ndoana za tumbo pana zenye kikunjo karibu na tundu (namba 3/0 inatosha kwa urefu huo), na risasi ndogo zenye ncha na tundu katikati. Risasi inatangulia kwenye mshipi, kisha unafunga ndoana. Ncha ya ndoana unaiingiza puani mwa chambo kiasi cha nusu sentimita, unaitoa kwa chini, unaizungusha, halafu unairudisha mwilini hadi ikae chini kidogo ya ngozi ya mpira. Ncha imefichwa. Inapita katikati ya majani na mizizi bila kushika, na samaki akiuma mpira unabonyea, ncha inatokeza.

Chambo lazima kikae kimenyooka. Kikipinda kinazunguka kikivutwa, na mshipi unajisokota mpaka haufai.

Mikoko nayo haifanani. Mlilana, ule unaosimama mbele kabisa kuelekea bahari, unachomoza mizizi juu kama vigingi vyenye ncha vilivyochomekwa matopeni. Hapo risasi ya gramu 5 au 7 inatosha, na unavuta polepole juu ya ncha za mizizi. Mkoko wenye mizizi ya upinde ni habari nyingine: samaki yumo ndani ya upinde, nawe unataka chambo kishuke wima, kikae, kirudi wima. Chomeka kijiti cha kuchokolea meno kwenye tundu la risasi ili isiachane na chambo, la sivyo risasi inapita upande mmoja wa mzizi na ndoana upande wa pili. Mizizi hiyo ina chaza, na chaza anakata mshipi kama wembe. Usipeleke uzi wa kusuka hapo bila kipande cha nailoni nene mbele yake, angalau urefu wa mkono.

Samaki akigonga usivute papo hapo. Kusanya mshipi uliolegea, kisha vuta kwa nguvu mara moja na uendelee kumtoa. Ukimpa nafasi ya sekunde mbili amerudi mizizini.

Panapo majani mafupi na vipande vya matumbawe vilivyotawanyika, vifaa hivyohivyo unavifunga kwa namna ya Carolina: risasi nzito zaidi, pete ya kuzunguka, halafu nusu mita au zaidi ya nailoni mpaka kwenye ndoana. Risasi inaburuta chini, chambo kinaelea nyuma yake juu ya majani. Ndiyo sababu naipa pakiti hii namba moja: ununuzi mmoja unakupa maficho mawili, na ukikosa chambo cha mpira, ndoana hiyohiyo inachukua kipande cha ngisi.

Cha pili: ndoana yenye kichwa cha risasi

Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na kwa mchanga na mikondo ya midomo ya mito haina mpinzani. Gramu 7 kwa hori lililotulia, 14 kwa kawaida, 28 siku za bamvua ambapo maji ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 na mkondo unakimbia. Ncha yake iko wazi, kwa hiyo irushe ukingoni mwa mikoko, si ndani. Nunua vichwa vingi kuliko mikia ya mpira inayovishwa kwenye ndoana, kwani vichwa ndivyo vinavyopotea.

Cha tatu: popa, chambo cha kuelea

Juu ya mwamba wenye kina kifupi, maji yakiwa yamejaa, chochote kinachozama kitanasa. Popa haizami. Mdomo wake uliochongwa shimo unapiga maji na kuyarusha, kolekole anapanda kuja kuangalia. Alfajiri na jioni ndio wakati wake. Toa ndoana za miguu mitatu zilizokuja nayo, weka ndoana moja moja zenye nguvu: samaki anatoka vizuri, na vidole vyako vinapona. Kama unavua kutoka nchi kavu tu, ipandishe iwe ya pili.

Cha nne: chuma cha kushusha

Ni kipande cha chuma chenye umbo la samaki, kwa mwenye chombo na kina cha mita 20 au 30 kwenye ukingo wa mwamba. Anza na gramu 60. Ndoana ifungwe juu, kwenye pete ya mshipi, isiwe chini kwenye mkia, kwa sababu mkia ndio unaogonga jiwe. Shusha hadi kiguse, nyanyua hapo hapo. Ukikiacha kilale, umekipoteza.

Cha tano: samaki wa plastiki mwenye ulimi

Ni kizuri kukokotwa nyuma ya ngalawa kwenye mkondo kwa ajili ya nguru na mzia, kwa kipande cha waya mbele maana meno yao hayasamehe nailoni. Ulimi ni kile kibapa cha plastiki mdomoni: ulimi mrefu unakipeleka chini zaidi, ulimi mfupi unakiweka juu. Nimekiweka mwisho kwa sababu ni ghali na kina ndoana mbili au tatu za miguu mitatu. Mimi nilinunua vitatu kwa mpigo, vikaishia kwenye mwamba mmoja asubuhi moja. Kinachoniuma hadi leo si hela. Ndoana hizo zimebaki kwenye matumbawe, na miamba yetu imeteseka vya kutosha kwa baruti.

Kabla ya kulipa

Buruta ncha ya ndoana juu ya ukucha bila kuibonyeza. Ikiteleza ni butu, ikishika ni kali. Angalia kutu kwenye pete ndogo zinazoshika ndoana, kwa sababu kutu huanzia hapo. Mimi nimewahi kuuziwa boksi lililofungwa vizuri, ndani pete zote zimeshalika. Tangu siku hiyo nafungua mbele ya muuzaji, na muuzaji mwema hakasiriki. Rangi: masika, mto Sigi ukileta maji ya tope, chukua nyeusi au njano kali, kaskazi, bahari ikiwa safi, chukua inayofanana na dagaa. Basi.

Ulizia pia unakokwenda kuvua. Sehemu kubwa ya bahari kutoka Tanga kuelekea Pangani imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, na ina kanuni zake kuhusu mahali na zana. Ofisi ya hifadhi watakueleza.

Vyambo laini usivichanganye na vya plastiki ngumu kwenye boksi moja. Kwa joto letu vinayeyukiana na kugandana. Suuza vyote kwa maji baridi ya bomba ukirudi, vianike kivulini. Na risasi za kupotea usizinunue: plagi kuukuu ya pikipiki kutoka kwa fundi, ikifungwa kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wako, inakatika peke yake ikinasa, ndoana na samaki vinarudi chomboni.